Neno Aliloninyima Dorotea

Mimi si mtu wa kunyimwa kitu kirahisi. Nilikuwa karani mkuu katika kampuni moja ya pamba pale Igoma, na Dorotea Kashindye nilimleta mimi mwenyewe kutoka Magu, mwaka 1995, biashara ya pamba ilipofunguliwa na kampuni binafsi zikaanza kuajiri. Baba yake na mimi tulichunga ng'ombe pamoja. Dorotea aliniita baba, akanipigia magoti kila asubuhi kunisalimu, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa barua.

Mwaka uliofuata mkurugenzi alinunua kompyuta nne akaziunganisha kwa waya. Sisi tulizipokea kama jembe jipya nyumbani, yaani mali ya kila mtu. Neno la siri lilikuwa moja, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani karibu na saa. Kumficha mwenzako neno la kufungulia tuliona ni uchoyo tu. Hadi siku tulipokuta uzito wa pamba ya wiki nzima umefutwa, na hakuna aliyejua nani kafuta, kwa sababu wote tuliingia kwa neno lilelile.

Dorotea ndiye aliyeibandua ile karatasi akabadilisha neno, na mkurugenzi akamkabidhi ulinzi wa mashine zote, awe anatufungulia yeye, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Wiki hiyohiyo alichukua kalenda kuukuu, akaigeuza, akachora mistari mitatu nyuma yake. Mwaka wa kwanza, kujua mashine inavyofanya kazi ndani. Wa pili, jinsi mashine zinavyozungumza. Wa tatu, jinsi mwizi anavyopenya humo na jinsi ya kumzuia. Chini kabisa akaandika: Nairobi, mtihani wa cheti cha juu cha ulinzi wa mtandao, 1999. Nilimcheka waziwazi. Nikamwambia ghala letu lenyewe linalindwa na mbwa wawili na mlinzi wetu Ngosha mwenye rungu, na hatujaibiwa.

Vitabu aliazima kwa fundi mmoja wa Nairobi, kimoja kimoja, vikija kwa basi, na kabla ya kukirudisha alinakili kurasa kwa mkono. Mchana sisi tukila ugali na sato tukapiga soga, yeye alikula haraka akarudi kwenye madaftari yake. Kila alipomaliza sura aliweka alama kwenye kalenda. Alama nyingine alizifuta kesho yake, akisema hakuielewa kama alivyodhani.

Msimu wa 1998 shangazi yake akafariki, akaomba ruhusa aende Magu kuzika. Malori yalikuwa yamejaa uwanjani. Nikamwita mbele ya wapima mizani.

"Mayu, niachie hiyo paswedi yako," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita mabinti zetu. "Kazi isisimame."

Akapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Baba, nisamehe. Siwezi kukupa."

"Mimi?"

"Hata wewe, baba. Mkurugenzi ana ya kwake. Atakufungulia yeye."

Mkurugenzi alikuwa Mirongo, mjini, kwa hiyo nilikaa nikimsubiri hadi saa tisa, wapima mizani wakijifanya hawanitazami. Niliumia. Tangu siku hiyo shikamoo yake niliiitikia mdomoni tu, miezi na miezi. Yeye hakuacha kupiga magoti.

Machi 1999 akaniletea fomu ya mtihani. Ilitaka mkubwa wake wa kazi athibitishe kwamba amelinda mashine kwa miaka mitatu, na mkubwa huyo nilikuwa mimi. Bila sahihi yangu asingeruhusiwa kufanya mtihani, na fomu ilitakiwa ifike Nairobi kabla mwezi haujaisha. Nikaitia kwenye droo. Siku ya nne aliniuliza, nikamwambia sijapata nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Nilikuwa na kinyongo.

Siku ya sita niliitoa, nia yangu hasa ikiwa kutafuta kasoro. Kiingereza changu ni cha shule ya kati, lakini kinatosha. Swali la tano liliuliza kama mwombaji amewahi kumpa mtu yeyote siri ya kazi aliyokabidhiwa, na anayejibu amejuaje. Nililisoma mara tatu. Katika kampuni nzima, mwenye ushahidi nilikuwa mimi peke yangu. Aibu ikanishika, kisha nikaanza kucheka. Nikaandika: "Hajawahi. Mimi ni kama baba yake. Nilimwomba, akaninyima huku amepiga magoti." Nikatia sahihi na muhuri.

Aliisoma mbele yangu, machozi yakamlengalenga. "Asante, baba," akasema. Nikamwambia wa kushukuru ni mimi, maana muda wote ule alikuwa ananilinda, nisije nikashukiwa kitu kikifutwa tena, na mimi nimenuna. Asubuhi iliyofuata niliitikia marahaba ya kweli.

Agosti akafaulu. Aliporudi Igoma, kitu cha kwanza alichofanya ni kunikalisha kwenye mashine ili niwe na neno langu mwenyewe.

"Chagua unalotaka, baba. Usiniambie hata mimi."

Akageuka akatazama ukuta, kama mtu anayempisha mzee avae. Nikabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, na hakugeuka hadi nilipomwambia nimemaliza.

Sasa nimestaafu na mashine zile zilishatupwa, kwa hiyo naweza kusema. Vitabu vyake vilikataza kabisa kutumia jina la mtu unayempenda. Niliandika Dorotea.