Kidole Gumba cha Masolwa

Kila asubuhi Mzee Raymundi hufunga vifungo vya shati lake akiwa amekikunja kidole gumba cha kulia ndani ya kiganja. Huchukua muda. Chai aliyomiminiwa na mkewe hupoa.

"Baba Veneranda, hata bibi harusi hachelewi hivyo!" Bi Pelagia humtania.

Yeye huendelea vivyo hivyo mpaka kifungo cha mwisho.

Nimepanga chumba kwao, hapa mtaani Chemchem, tangu nilipoanza kufundisha. Juzi aliona ninavyomtazama, akanisimulia bila kuulizwa.

Mwaka 1968 alikuwa karani wa serikali, akipokea rufaa za wafanyakazi waliofukuzwa kazi. Waziri wa Kazi alikuja kwa treni, kwa siku moja tu, kuzisikiliza mwenyewe. Neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Asubuhi hiyo akaingia Masolwa, kibarua kutoka Usoke. Mashine ya kushindilia tumbaku ilikuwa imemkata kidole gumba cha kulia, na tajiri wake akamfukuza kwa madai kwamba ni uzembe. Masolwa alitaka kurudishwa kazini.

Hakujua kuandika, na fomu ilitaka alama ya kidole gumba cha kulia.

"Chukua cha kushoto, bwana karani."

"Fomu inasema kulia."

"Cha kulia kimebaki Usoke. Nikakifuate?"

Makarani wote wakacheka, Raymundi pia. Kisha akaiweka ile fomu kwenye droo. Masolwa akatoka, akaketi barazani kusubiri. Huenda alidhani kicheko kile ni dalili njema.

Waziri alisikiliza rufaa kumi na moja, akamaliza kabla ya saa tisa. Akavua miwani.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, mheshimiwa," Raymundi akajibu.

Kupitia dirisha aliyaona magoti ya Masolwa pale barazani.

Miaka sita baadaye, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, alikwenda Usoke kumtafuta. Wakamwambia amehamia upande wa Ziba. Akaenda Ziba kwa baiskeli. Hakuna aliyemjua mtu asiye na kidole gumba.

Nikakiweka kikombe changu mezani, nikamuuliza.

"Baba, kulikuwa na amri ya kukataa kidole cha kushoto?"

"Haikuwepo, mwanangu. Niliogopa tu kuulizwa na Waziri."