Majani ya Papai Yaliyochemshwa

Juzi kwenye foleni ya sukari hapa Musoma, mama mmoja wa Makoko alimgeukia mwalimu wa sayansi.

"Mwalimu, umeniaibisha mbele ya wakwe! Nyama ya maksai mzee nimeifunga majani ya papai ulivyosema, imebaki ngumu kama kandambili."

"Uliyafunga mabichi?"

"Mimi nachemshaga kwanza. Usafi!"

Mwalimu akakunja na kukunjua vidole. "Protini ya papai ni kama mkono huu. Lazima ujikunje ndipo uishike nyama na kuikata. Ukiichemsha, umbo linavurugika. Ipo, lakini haishiki kitu."

Mama akamtazama karani wa duka, aliyefumbata mikono kifuani tangu asubuhi bila kumpimia mtu sukari.

"Na huyu alichemshwa na nani?"

Tulicheka foleni nzima, kisha tukanyamaza haraka. Sukari ilikuwa upande wake.