Mlango wa Mama

Fundi alisimama na mwiko mkononi, akaniuliza mlango ule mdogo wa pembeni ulikuwa wa nini. Nikamjibu kwamba ni wa jikoni tu, aendelee. Alikuwa mtu wa Kinyala, wa mila zetu, na pengine angeshtuka mwenyewe kama angetulia kidogo, lakini wingu lilikuwa limeshaufunika mlima, na mvua ya Tukuyu haimsubiri mtu mwenye simenti mbichi. Kabla ya chakula cha mchana mlango haukuwepo tena.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sabuni na vitenge vilirudi madukani, na wafanyabiashara wakaanza kutafuta nyumba za kupanga karibu na barabara. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati juu, migomba nyuma. Baba alikwishafariki. Mama aliishi humo peke yake, magoti yamemchoka, na dada yangu aliyeolewa Kisondela alikuwa amekubali kumchukua. Kodi ingemtunza huko.

Hivyo ndivyo nilivyowaeleza watu. Sikuwaeleza kwamba mtoto wa kiume wa nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu, kwamba aliyepaswa kurudi kukaa na mama nilikuwa mimi, na kwamba nilikwishapata lori la kunivusha kwenda Zambia. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kutulia. Nilikwenda Chunya, nikaenda Kyela, nikakaa Mbeya. Kila nilipokuwa niliota ukungu wa kwetu na harufu ya majani ya migomba yaliyolowa. Nikifika nyumbani tu, naanza kuulizia magari.

Mpangaji aliuza vitenge. Alikuwa mtu mpole, wazazi wake walitoka pwani, na alimwamkia mama shikamoo kabla hata ya kuitazama nyumba. Aliipenda. Aliomba jambo moja tu, kwamba chumba cha pembeni kiwe stoo ya mali yake, na stoo haiwezi kuwa na mlango wa nje. Nikamwambia hakuna shida.

Mama alinisaidia kuiandaa. Nilimwambia apumzike, akakataa. Alisugua masizi ya dari, akang'oa misumari iliyokuwa imeshika picha za watu wetu, akachanganya chokaa kwenye ndoo ya kuogea. Aliponiona napaka ukuta mara ya pili akaniuliza, "Anaingia mpangaji au bwana harusi?" Tulicheka. Nilifurahi sana kumwona anacheka, nikajiambia kwamba ameridhika.

Siku ya kuziba mlango alikuwa amekwenda kuwaaga wanawake wenzake wa kanisani. Nilikuwa mbele, napaka chokaa barazani, nikamsikia anarudi na kuizunguka nyumba kama kawaida yake. Kisha hatua zikakoma. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya ukuta uliolowa, kikapu cha ndizi bado kiko kichwani.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Babu, baba yake baba, alipozeeka aliletwa kuishi nasi. Siku nzima alikaa sebuleni kwenye kiti chake. Kwetu mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hapiti mbele yake, hamtazami, hata jina lake halitamki. Sisi tunaita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Na nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Kwa hiyo mama alikuwa akingoja nje, wakati mwingine na mzigo wa kuni, wakati mwingine mvua inanyesha, mpaka mtoto amwambie kwamba babu amelala. Ndipo baba akautoboa ukuta wa pembeni akamwekea mkewe mlango wake. Nilikuwa mdogo, lakini vumbi jekundu la zile tofali nalikumbuka. Babu alipofariki hakuna aliyemkataza mama kupita mbele, na mjini mila yenyewe ilikwishalegea. Hakupita. Wageni waliingia mbele, baba aliingia mbele, mama aliingia kwake. Sisi watoto tuliuita mlango wa mama, na tulikuwa tunabisha hodi.

Mimi niliyebisha hodi pale ndimi niliyemwambia fundi ni mlango wa jikoni.

Fundi alimtazama mama, akautazama ukuta, akaelewa bila kuelezwa. Aliweka mwiko chini. "Kumbe ulikuwa mlango wa mkwe. Mjomba, mbona hukusema? Bado mbichi huu, nautoa sasa hivi."

Mama akaniuliza mimi, si yeye. "Na mwenye stoo atasemaje?"

Nilipaswa kusema kwamba nitamwambia atafute nyumba nyingine. Maneno yenyewe hayakuwa magumu. Lakini nilikuwa nikilifikiria lile lori, na kwamba mpangaji mwingine nisingempata kabla halijaondoka. Nilichelewa kujibu. Haikuwa kwa muda mrefu, ila mama alikuwa amenizaa na aliujua ukimya wangu.

"Acha, baba," alisema. "Wewe umeshaondoka. Imebaki nyumba tu."

Akashusha kikapu pale pale nje, akaanza kumenya ndizi. Fundi alinawa mikono. Kwa namna alivyoniaga niliona kwamba hataki kunitazama usoni.

Mpangaji alipofika na marobota yake, mama alikuwa bado nje, na vitu vyake alivyovifunga asubuhi vilikuwa ndani. Ilibidi apite mbele kuvichukua. Alipoingia sebuleni alivuta khanga ikafunika kichwa na shavu, akageukia ukutani, akapita taratibu akiuambaa, upande ule wa mbali na pale kiti cha babu kilipokuwa. Sebule ilikuwa tupu kabisa. Nilikuwa nimeushika mlango wazi, kama mtu anayempokea mgeni. Mpangaji aliinamisha macho, nadhani alifikiri mama analia. Hakuwa analia. Alitoka bega lote likiwa jeupe kwa chokaa yangu, na niliponyoosha mkono kumpangusa alisogea kidogo, akauliza njia ya juu imekauka au tuzunguke.

Tulikwenda Kisondela kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na godoro. Dada alitupokea kwa furaha, akaniuliza nitakaa siku ngapi. Nilikuwa bado natafuta la kusema, mama akanijibia.

"Anaondoka kesho. Mpikie mapema."

Dada alinipikia mapema. Nikala, nikashiba, nikaondoka.