Jangwa Alilolikataa Kinyozi

Kinyozi huyu watu walimwita Profesa, na wala hakuwa akikasirika. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Shule aliiacha mapema, baba yake alipougua, lakini kichwa chake hakikuacha kitu. Kila kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni alikisoma kabla ya kukitupa, na redio ya dukani kwake haikuzimwa mpaka anafunga. Muulize pweza ana mioyo mingapi, atakuambia mitatu huku wembe unateleza shavuni mwako. Mifupa ya shingo ya twiga? Saba, sawasawa na yako wewe, na hebu acha kutikisa kichwa. Kombe la Dunia la kwanza? Mwaka 1930, kule Uruguay, na wenyeji wenyewe wakalibeba.

Basi mabishano yote ya mtaa yaliishia kwake. Watu wakikaribia kushikana mashati, mmoja atasema, "Twendeni kwa Profesa." Na Profesa akishasema, imekwisha hiyo.

Kwenye baraza ya duka lake, hatua nne kutoka mlangoni pake, alikaa mama mmoja na cherehani yake. Miaka kumi na miwili nyuma watu walibishana hapo, jangwa lipi ni kubwa kuliko yote duniani. Kila mtu Sahara, Sahara. Yule mama akatoa pini mdomoni akasema, "Hapana. Ni kule kusini kabisa kwenye barafu. Antaktika."

Ee! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamgeukia Profesa awaamulie, naye, bila haya, akacheka kuwashinda wote. "Jangwa la barafu, dada? Ngamia wake wanavaa sweta?"

Tangu siku hiyo mama wa watu akaitwa Barafu, na kwenye mabishano hakutia neno tena. Profesa hakuliona hilo. Angeliona saa ngapi, na mdomo ulikuwa wake peke yake?

Sasa, Jumanne moja asubuhi alikuwa akimnyoa mzee mmoja ndevu, redioni kuna kipindi cha maswali. Mtangazaji akauliza jangwa kubwa kuliko yote. Msikilizaji akapiga simu: Sahara. "Umekosa," mtangazaji akasema. "Ni Antaktika. Jangwa halipimwi kwa mchanga wala kwa joto, linapimwa kwa uchache wa mvua na theluji. Sahara ni kubwa kuliko yote katika yale ya joto tu."

Wembe ulisimama hewani.

"Vipi, umenikata?" mzee akauliza na povu lake.

"Hapana, mzee wangu. Tulia."

Mzee hakuwa amesikia kitu. Hakuna aliyesikia. Profesa alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio, na hapohapo akajiona mwizi. Siku ya nne akamweleza mkewe yote, akamalizia, "Nikikiri, nani ataniamini tena?"

Mkewe hakuwa mtu wa kubembeleza. "Kwa hiyo yeye aendelee kuchekwa ili wewe uaminiwe? Makubwa!"

Jumamosi baraza ilijaa. Profesa akatoka na taulo begani, akasimama mbele ya cherehani.

"Jamani, sikilizeni. Lile jangwa, huyu dada alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, na nikamcheka. Dada, nisamehe."

Mmoja akaanza kutania, "Leo Profesa kafeli!" lakini hakuna aliyemsaidia kucheka.

Yule mama alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi.

"Nilikuwa na hakika," akasema taratibu. "Nilifundishwa shuleni. Lakini ulivyocheka wewe, mjuzi wa mtaa mzima, nikasema labda nimechanganya. Nikajiuliza, na mangapi mengine nimechanganya? Binti yangu akiniletea maswali yake ya shule namfukuza. Namwambia mimi sijui kitu, kawaulize wanaojua. Mwisho akaacha kuniletea. Kamaliza shule, ana kazi yake huko mjini, na mpaka leo hajaniuliza tena jambo."

Msamaha aliouandaa Profesa ulikuwa wa cheko moja tu, kumbe deni lenyewe lilikuwa la miaka yote ile.

"Nifanye nini, dada?"

"Mimi umeshaniambia. Mwambie na binti yangu." Akabonyeza simu yake, akampa.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema.

"Marahaba, mwanangu, ila si mama. Ni mimi kinyozi. Mama yako mzima, usiogope." Akameza mate, akamweleza yote bila kujitetea: swali, jibu, kicheko, redio.

"Nipe mama," binti akasema.

Mama akaiweka simu sikioni. Sauti ya binti ilitoka kubwa, wote barazani wakaisikia.

"Mama, hebu nieleze. Barafu yote ile, inakuwaje ikaitwa jangwa?"

Mama akafunika cherehani kwa kitambaa, akajiweka sawa kwenye kiti. "Sikiliza, mwanangu," akasema. "Tuanze na mvua."