Hatukuomba Risiti

Mimi nina mdomo. Kazini huku Uarabuni, kwenye hoteli moja ya Al Garhoud, madam wa jikoni alishanipa onyo kwa ajili yake. Lakini siku ile ya Oud Metha nilinyamazishwa, na aliyeninyamazisha ni mtu ninayempenda kuliko ndugu yangu wa tumbo moja.

Tulikaa chumba kimoja International City, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Ni mkubwa kwangu, mtaa wetu mmoja huko Mombasa, na ndiye aliyenipokea nilipofika sina hata shuka. Alikuwa amechukua mkopo benki ili mamake afanyiwe upasuaji. Ukikopa huku unatia sahihi cheki tupu, benki inaiweka. Ukishindwa kulipa wanaijaza, na ikirudi haina pesa, hiyo ni kesi ya polisi. Sote tulijua. Basi hoteli yetu ikapunguza masaa, mshahara wake ukapungua, simu za benki zikaanza.

Akaambiwa msikitini kuna ofisi ya msaada Oud Metha, haitafuti faida, inawatoa watu kwenye madeni kwa ajili ya Mungu. Tukaenda. Mwenye ofisi alikuwa mtu wa kwetu pwani, kanzu imepigwa pasi. Akatupa kahawa na tende, akauliza mama anaendeleaje kabla hajauliza deni. Rafiki yangu akalainika pale pale. Akaambiwa asiongee tena na benki, abadilishe laini ya simu, na zile pesa za kila mwezi azilete pale, wao watazungumza na benki apunguziwe. Akatoa alizokuwa nazo. Yule bwana akazitia kwenye mtoto wa meza, akashukuru Mungu.

Nikafungua mdomo niulize risiti. Nikafinywa paja chini ya meza.

Kituoni, tukingoja basi, nikamuuliza kama ana wazimu.

"Mtu amekutajia Mungu, amekunywesha kahawa yake, halafu wewe umwambie akuandikie?" akasema. "Kwenu hukufunzwa?"

"Nimefunzwa. Lakini si Mungu aliyezitia kwenye mtoto wa meza."

"Nyamaza bwana. Utaniletea nuksi."

Basi likaja, tukapanda. Ndivyo tulivyo sisi: anayekusaidia humuombi karatasi, utakuwa umemwita mwizi. Na yule bwana alilijua hilo kuliko sisi.

Kila mshahara akapeleka. Akaanza tena kulala, akaanza tena kunicheka nikikoroma. Benki haikupiga simu. Ingepigaje, na laini ni mpya? Halafu mama akazidiwa, akawa anamtaja usiku na mchana. Akaomba likizo, akanunua tiketi. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na begi limejaa madera ya mama. Nikabaki nje kama nilivyozoea, mpaka mtu wangu apite. Simu ikalia.

"Wamenizuia," akasema, taratibu kabisa. "Wanasema kuna cheki."

Kesho yake nikaenda Oud Metha nimeiva kwa hasira. Mlango umefungwa. Nikaupiga mateke, na mlinzi, kijana wa Uganda, akaniacha nipige mpaka nichoke.

"Khalas, imekwisha ndugu," akaniambia. "Sir alihama. Na wewe si wa kwanza."

Benki nao wakasema hawakupata hata dirhamu moja, wala hakuna aliyewahi kuwazungumzia habari zake.

Sasa mtu akiniambia kuna ofisi ya msaada wa madeni, nakuwa mkali. Iwe ya sadaka, iwe ya nini, kwanza nenda benki mwenyewe useme umeshindwa. Kisha hao wa ofisi waulize kibali chao, omba risiti. Wakikuambia usiongee na benki, ondoka, kahawa uiache.

Mama alifariki yeye akiwa bado ndani, jela, kwa ile cheki. Ni mimi niliyekwenda kumwambia. Tulizungumza kwa simu, kioo katikati. Hakuuliza benki, wala yule bwana. Aliuliza kimoja tu.

"Nani alishuka kaburini kumpokea?"

Nikamwambia ni mdogo wangu aliye Mombasa. "Nilimpigia nikamwambia ashuke yeye, asimame mahali pako wewe mwana."

Akaitikia kwa kichwa. Akaiweka simu chini kabla wakati wetu haujaisha.