Maji ya Kisima cha Faini

Saa kumi na dakika ishirini alasiri kombora la kwanza lilianguka nyuma ya jiko la kambi. Saa hiyo naijua kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi. Kazi yangu zamu ile ilikuwa kuandika kila boza la maji linaloingia, na la tatu lilikuwa limeingia saa kumi na robo.

Hadi hapo ilikuwa siku ya kawaida. Tulikuwa nchi ya jirani, tumepelekwa kulinda amani, mwezi wa tano tangu tufike. Nililinda tangi la maji pamoja na Koplo Tumaini, tuliyelala naye hema moja. Yeye ni Mmakua wa Chidya, mjukuu wa mwalimu wa misheni. Mimi ni Mmakonde wa Newala.

"Somoe, acha kulikodolea macho hilo bomba," aliniambia. "Nyie wa Newala mkiona maji yanatoka yenyewe mnataka kuyapigia saluti."

"Nipigie mimi hiyo saluti. Mimi ndiye ninayekugawia."

Kiongozi wa zamu yetu, Sajini Chipila, alicheka nasi. Alitoka vijiji vya Newala, na wiki ya kwanza tuliulizana koo, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakikutana ugenini. Ukoo wake ulikuwa mmoja na wa mama yangu. Kwetu ukoo hufuata mama, na mwanamume wa ukoo huo aliyekuzidi umri ni mjomba wako hata kama hamjawahi kuonana. Hakuoi, hakugusi, na ukipatwa na jambo yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Nilimwamkia "Shikamoo mjomba," akaitikia "Marahaba mpwa wangu," na kwangu suala la usalama likawa limekwisha. Niliandika barua kuomba zamu zangu zote ziwe chini yake. Ilikuwa na mistari minne. Wa tatu ulisema kwamba nikiwa naye najisikia salama.

Kombora la pili lilipasua tangi. Maji yalitupiga magotini.

Tumaini alikimbilia handaki la lango. Sajini alinishika mkono akanivuta kwenye handaki dogo, lile la walinzi wa tangi.

Nilimshukuru. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru.

Mashambulizi yalichukua dakika arobaini. Alinibaka humo ndani, mimi nikimwita mjomba.

Nje watu walikuwa wanapiga mayowe. Yangu hayakusikika kuwa ya peke yake.

Siku hiyo walikufa wapishi wawili. Walizikwa kwa heshima zote, na ilistahili. Kesho yake nilikwenda kwa ofisa wa kikosi. Tumaini alinisindikiza, kwa kuwa ndiye aliyeiona hali ya sare yangu nilipotoka handakini. Hakuulizwa neno. Ofisa alifungua jalada akatoa barua yangu.

"Huu ni mwandiko wako, koplo?"

"Ndiyo, afande."

"Si wewe mwenyewe uliyeomba kuwa naye?"

Jalada lilifungwa. Mwaka uliofuata niliacha kazi. Cheti kinasema ni kwa sababu za kiafya. Hapo tu hawakusema uongo.

Nyumbani sikuweza kukaa chumba kilichofungwa mlango. Nilikuwa nikisimama katikati ya sentensi, mwili mzima unatetemeka, bila kujua kilichoanzisha. Kwa hiyo nikatafuta daftari nikaandika kila tukio kama nilivyoandika maboza: saa, mahali, nini kilitangulia. Baada ya miezi minne karatasi zilinionyesha mambo matatu: harufu ya udongo mbichi, maji yanayomwagika ghafla, na mtu mzima kuniita mpwa. Katika vitabu vya mitumba sokoni Masasi nilipata kimoja kilichoeleza hali hiyo. Kinaiita kiwewe. Nilikisoma mara tatu, kamusi pembeni. Tumaini, ambaye sasa anauza dagaa Masasi, ndiye aliyenipeleka hospitali kwa muuguzi wa afya ya akili, na kila mwezi hufunga duka asubuhi moja ili tuende wote. Nimepata nafuu. Sijapona.

Tumaini huyohuyo ndiye aliyemweleza mama, maana mimi nilishindwa. Mama alimwendea kaka yake, Mjomba Saidi, mkubwa wa ukoo, naye akamwita Sajini alipokuja likizo. Nilikuwa na ombi moja: aseme mbele ya ukoo alichonifanyia. Sikutaka kingine.

Sajini alikaa mkekani akiangalia vidole vyake. "Nimekosa," alisema.

"Umekosa nini?" niliuliza.

Mama alinibana paja. Mjomba Saidi alikohoa. "Amesema amekosa, mpwa. Mtu mzima hachambuliwi. Mkosaji ni wetu, mkosewa ni wetu, tutamshtaki nani? Atalipa faini, yaishe."

Faini ilihesabiwa palepale mkekani: shilingi milioni moja na laki mbili. Hakuna aliyelirudia ombi langu, na Sajini aliaga watu kwa kuwapa mkono.

Kwa fedha hizo mama alichimbisha kisima cha kukingia maji ya mvua uani, chenye saruji, mfereji wa bati na mfuniko. Hapa Newala, juu mlimani ambako maji ni ya shida, kisima ni utajiri. "Utapumzika na ndoo, mwanangu," alisema, na najua alikusudia mema. Nilichungulia mara moja kabla hakijasakafiwa. Kina chake kilikuwa kile kile cha handaki, na harufu yake ile ile.

Sijanywa maji yake. Masika nakinga yangu kwenye pipa. Kiangazi nanunua ndoo mbili kwa siku, mia tano kila moja. Anayeniletea kwa pikipiki ni mgeni mtaani, na juzi hakuweza kujizuia.

"Mama, mna kisima kikubwa hivi, bado mnanunua?"

"Mimina, baba. Usiulize."

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia, akaingia ndani.

Jioni nilipiga hesabu. Siku za kununua ni mia mbili kwa mwaka, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Sajini alilipa milioni moja na laki mbili, akamaliza. Mimi, hadi jana, nimelipa shilingi milioni mbili na laki mbili.