Nafasi Yangu Kwenye Sahani ya Papa

Siku moja nikiwa mtoto, saa saba na robo mchana, kengele ya chakula ililia katika shamba la stroberi, nje ya Stockholm, ambako Papa, baba yangu, alikuwa kibarua. Niliikumbuka siku hiyo juzi katika kituo cha treni cha Tumba, nilipoona mafundi wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, wakila bakuli moja.

Shambani Waswidi walikula upande wa ghala, nasi Wakongomani upande wa bomba. Lars, kibarua mzee wa Kiswidi, hakuwahi kunywa maji ya pipa letu. Papa naye alisema, "Wazungu hawajui kula na watu." Lakini asubuhi ile mgongo ulimbana Lars, na Papa akambebea makreti yake yote.

Papa alipofungua chakula, harufu ya samaki na ugali ikapanda. Daima mimi na yeye tulikula sahani moja, na kichwa cha samaki kilikuwa changu.

"Njoo ule, mzee!" akaita kwa Kiswidi. Lars akaja, akakaa mahali pangu. Papa akamsogezea kichwa cha samaki.

"Papa, hicho changu!"

"Nyamaza, binti yangu. Mgeni kwanza."

Tonge la Lars likamponyoka, likazama mchuzini. Papa akacheka kile kicheko nilichodhani ni changu peke yangu. Niliamini amejipatia mtoto mwingine, mwenye mvi.

Nikajipenyeza katikati yao, nikawasukuma kwa viwiko wasigusane. Leo najua kwamba kabla ya mchana ule, hawakuwahi kukaa karibu kiasi cha kuhitaji kutenganishwa.